Kumsafirisha ndugu anayetumia mashine ya kupumulia kwenye vani: naomba uzoefu wenu kabla sijarudia kosa

#1 Kaka Mkubwa

Wakuu, habari za muda huu.

Nina mdogo wangu wa miaka 31. Aliumia shingo, na tangu hapo hapumui mwenyewe. Ana tundu la kooni lenye mrija, na mashine ya kupumulia inamfanyia kazi saa 24. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu cha umeme chenye kilo 150, hapo yeye bado hajakalia. Familia tulijichanga tukapata vani iliyotumika, yenye rampu ya nyuma na sakafu iliyoshushwa. Siku ile tulishangilia kama tumepata nyumba.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda kliniki. Mimi naendesha, mke wangu kakaa mbele pembeni yangu, mdogo wangu yuko nyuma. Kiti nilikifunga kwa mikanda miwili ya kufungia mizigo. Mashine niliiweka sakafuni kando ya kiti, nikaishindilia mto ili isiteleze. Njiani pikipiki ikakatisha, nikafunga breki. Mashine ikaserereka hadi nyuma ya siti yangu, mrija ukachomoka kooni. Redio ilikuwa juu. Kengele ya mashine ililia na wote wawili hatukuisikia. Mke wangu aligeuka tu kumuuliza kama yuko sawa, ndipo akaona midomo imebadilika rangi.

Mfuko wa kupumulishia kwa mkono ulikuwa kwenye begi. Begi liko nyuma kabisa, na kiti kimeziba njia. Mke wangu alipita katikati ya siti, akarudisha mrija, mashine ikaendelea. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Kwangu mimi bado hazijaisha.

Ni miezi minne sasa hajatoka nje ya geti. Yeye anataka kutoka. Anayeogopa ni mimi.

Naomba msaada: kiti kifungwe vipi, mashine ikae wapi, umeme wake utoke wapi. Na kichwa: nimefikiria kumfunga mkanda wa paji la uso kwenye kiegemeo, maana breki ile ilimpeleka kichwa mbele vibaya sana.

#2 Ngoja Waje

Pole sana mkuu. Ngoja wajuzi waje, mimi nipo pale nimekaa.

#3 Fundi Chasisi

Mkuu pole, na umshukuru sana mkeo. Mimi ni fundi wa bodi, sakafu za magari ya aina hii nimefunga nyingi. Ya koo nawaachia wauguzi, mimi naongelea chuma.

Nianze na hesabu moja ili uone kwa nini mto haukusaidia. Viti vilivyotengenezwa kukaliwa ndani ya gari linalotembea hupimwa kwa kugongeshwa. Kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 7176-19, Wamarekani wana chao wanakiita WC19. Kiti kinafungwa kikitazama mbele, kinawekewa mdoli, halafu kinapewa kishindo cha mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Katika kishindo hicho kila kilichomo kinavuta kwenda mbele kwa nguvu inayofika mara 20 ya uzito wake. Mashine ya kilo 6 inakuwa kama kilo 120 zinazotafuta kisogo chako. Kiti cha kilo 150 kinakuwa tani 3. Breki yako ya pikipiki haikufika hata sehemu ya kumi ya hapo, na umeona ilichofanya.

Sasa chungulia fremu ya kiti, karibu na magurudumu, mbele na nyuma. Kama kilipimwa, utakuta sehemu nne zenye alama ya ndoano. Hapo ndipo mikanda inapokaa, si kwingine. Kama hakuna alama, tafuta fremu yenyewe, pale palipochomelewa au palipofungwa bolti nene. Usifunge kwenye gurudumu, wala kiegemeo cha mkono, wala cha miguu. Kitu chochote unachoweza kukichomoa kwa mkono hakistahili kushika uhai wa mtu.

Mikanda ni minne, na iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ya mizigo rudisha kwenye mizigo. Ya nyuma iteremke kutoka kwenye fremu ikifanya nyuzi 30 hadi 45 na sakafu, ya mbele 40 hadi 60. Ya mbele itoke nje kidogo kuliko upana wa kiti, inasaidia kisiyumbe. Ukishakaza, zima umeme wa kiti, hakikisha mota zake zimeshika, kisha kitikise kwa nguvu zako zote. Kikisogea zaidi ya sentimita 5, rudia.

Reli za sakafuni ziwe na bolti zinazotoboa hadi chini ya gari, na huko chini kuwe na bamba la chuma. Nimewahi kufungua vani moja nikakuta reli zimeshikwa kwa skrubu za mbao kwenye plaiwudi. Nilicheka, halafu nikakumbuka ni nani alikuwa anakaa pale juu.

Kiti kitazame mbele. Kukaa ubavu ni kuomba mbavu zivunjike. Kiegemeo cha mgongo kisilale zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Meza ya mapajani itolewe na ifungwe mahali pake. Mbele ya kichwa pawe na nafasi ya sentimita 66 hivi kama kavaa mkanda wa begani, nyuma ya kichwa sentimita 40.

Halafu kuna hili linalosahaulika: kufunga kiti siyo kufunga mtu. Ule mkanda wa kunata unaomsaidia kukaa wima hautahesabika siku ya ajali. Anahitaji mkanda wa gari: wa chini upite juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni, na uingie ndani ya viegemeo vya mikono, usipite juu yake. Wa juu upite katikati ya bega na kifua. Mkanda unaoning'inia mbali na mwili kwa sababu umepita juu ya kiegemeo cha mkono ni pambo.

#4 Mzee wa Mkato

Wakuu mnamtisha mwenzenu bure. Sisi mgonjwa wetu tulikuwa tunamtoa kwenye kiti, tunamlaza siti ya nyuma, mmoja anamshika. Miaka miwili hatujawahi kupata tatizo. Nyuzi 30 sijui 45, utafikiri anapeleka roketi.

#5 Fundi Chasisi

Mzee wangu, hamkupata tatizo kwa sababu hamkugonga. Mtu wa kilo 60 kwenye kishindo kile anavuta kama kilo 1,200. Huyo anayemshika ana mikono ya aina gani?

Nakubaliana na wewe nusu: mtu anayeweza kuhamishwa salama hadi siti ya gari yenye mkanda wake, ahamishwe, siti ya gari ni bora. Ila awe *amekaa na amefungwa*, hajalazwa. Na kwa mtu wa mashine ya kupumulia, shingo haijikazi, kumhamisha kwenyewe kuna hatari ya kuvuta mrija kila mara. Ndiyo maana yake vani.

#6 Sista wa Zamu

Nimesoma mara mbili. Kaka Mkubwa, usijilaumu kupita kiasi, lakini mpangilio mzima ule hautakiwi kurudi.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa macho yangu, lilikuwa siti aliyokaa mkeo. Aliyekaa mbele ni abiria. Mhudumu anakaa nyuma, kafunga mkanda wake, mahali ambapo mkono wake unafika shingoni kwa mgonjwa na macho yanaona uso na kioo cha mashine kwa pamoja. Safari ya mtu huyu ni ya watu wawili waliofundishwa: mmoja anaendesha na haulizwi kitu kingine, mwingine anatazama. Ukiwa peke yako, usitoke.

Mfuko wa kupumulishia, ule tunaouita ambu, hausafiri ndani ya begi. Unaning'inia kwenye kiti chenyewe, ukiwa umeshaunganishwa na kiungo kinachoingia kwenye mrija wake, na unakwenda popote kiti kinapokwenda, hata chooni. Ujaribu kabla ya kutoka: ziba tundu, minya, usikie ukipinga.

Kengele ikilia, au rangi ikibadilika, msianze kuhangaika na vitufe. Dereva anasogea pembeni na kusimama. Mhudumu anaangalia kwanza mrija kama umechomoka, na kama jibu halionekani papo hapo anaitoa mashine na kuminya ambu. Mtu kwanza, mashine baadaye. Mkishaona kifua kinapanda ndipo mnatafuta kosa: mrija umetoka mahali pake? Umeziba kwa makohozi? Pafu limepasuka? Au ni mashine na hosi zake? Ambu ikipita kwa urahisi na rangi ikarudi, kosa liko kwenye mashine. Ambu ikigoma, anza na mrija: nyonya, na ikishindikana badilisha. Kwa hiyo beba mirija miwili ya akiba, mmoja wa saizi yake na mmoja mdogo wake, pamoja na kamba za shingoni, mkasi na mashine ya kunyonyea makohozi iliyochajiwa. Kunyonya kufanyike nyumbani kabla ya kutoka, na njiani gari likiwa limesimama.

Kwa wale wanaodhani ambu ni ya dakika mbili tu: mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, mashine hazikutosha. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akaonyesha kwamba mgonjwa anaweza kupumulishwa kwa mfuko kupitia tundu la kooni, na wanafunzi wa udaktari wakaletwa kwa zamu, usiku na mchana, wiki kwa wiki, wakiminya kwa mikono. Watu walipona kwa mikono ya vijana waliokuwa hawajahitimu. Mkeo naye ataweza, mradi ajifunze kabla na ajizoeze angalau mara moja kila wiki.

Sasa maji. Nyumbani bila shaka mnatumia kile chombo cha kupasha unyevu chenye maji. Kiacheni nyumbani. Garini kikipinduka, maji yanaingia kwenye hosi, na kutoka hapo ni mashine au mapafu. Wekeni kile kichujio kidogo cha kutunza unyevu, kinachokaa karibu na koo. Kama hosi ina matone ya maji, yamwageni kabla ya kuanza, maana gari likitikisika maji yanacheza ndani na mashine inaweza kudhani mgonjwa anaomba pumzi, ikaanza kupuliza ovyo.

Hosi yenyewe ishikizwe kwenye nguo au kwenye kiti ili uzito wake usining'inie kooni, halafu kati ya hapo na koo iachwe ilegee kidogo, kichwa kisogee bila kuivuta. Na isipite chini ya mkanda wa begani.

Kuhusu mkanda wa paji la uso: usifanye hivyo. Fikiria mwili unakwenda mbele, mkanda wa begani unanyooka kidogo kama ulivyoundwa, lakini kichwa kimegandishwa kwenye kiti. Kinachobaki kulipia tofauti hiyo ni shingo, na shingo yake imeshaumia mara moja. Hata kola ngumu ya shingoni si nzuri garini kwa sababu hiyohiyo. Kama kichwa kinahitaji msaada, tumieni kola laini, nyepesi, ambayo haijaunganishwa na kiti, na kiegemeo kizuri nyuma. Mwonyesheni daktari wake kwanza, ahakikishe kola haigusi mrija.

#7 Mtu wa Rampu

Naongeza dogo tu, la kuingia na kutoka. Kabla ya kununua hata mkanda, pima kimo chake akiwa kwenye kiti, kutoka sakafuni hadi utosini, ulinganishe na mlango. Na jumlisha uzito: kiti, mtu, mashine, betri, kisha soma lifti au rampu imeandikwa kubeba kilo ngapi. Ukiwa kwenye lifti, zima umeme wa kiti. Koti likigusa kile kijiti cha kuongozea, kiti kinaondoka chenyewe na huko mbele hakuna sakafu. Mlangoni mhudumu aangalie hosi na siyo magurudumu, kwa sababu magurudumu yakikwama yanapiga kelele, hosi haipigi.

#8 C2 Bado Nipo

Naandika kwa macho, kompyuta inafuata ninapotazama, mnivumilie nikikosea herufi.

Mimi nami ni mtu wa nyuma ya gari, kama huyo mdogo wako. Miaka 9 ya mashine. Nimesoma ushauri wote, ni mzuri. Lakini jamani, hakuna hata mmoja aliyeuliza mdogo mtu anasemaje.

Mambo manne.

Siku ile mdogo wako alijua mrija umetoka kabla ya mashine kujua. Hakuweza kuita, sauti inahitaji hewa. Lakini ulimi hauhitaji hewa. Mimi napiga ulimi kwenye kaakaa, *ta ta ta*, unasikika chumba kizima hata pumzi ikiwa imekatika. Nyumbani kwetu mara tatu maana yake acha kila kitu njoo. Fundishaneni hilo leo. Halafu redio izimwe. Siyo kupunguzwa. Kengele ya mashine iongezwe hadi mwisho.

Pili, niwekeeni kioo. Kioo kidogo kwenye dari, nimwone mhudumu na yeye anione. Kukaa nyuma huoni kinachokuja, na huwezi kujishika, kila kona unahisi unaanguka. Dereva aseme: kona, tuta, breki. Neno moja linatosha.

Tatu, joto. Sisi tulioumia juu hivi, shingoni, hatutoi jasho chini ya jeraha. Gari lililokaa juani likinipokea, mwili wangu unapanda joto nalo. Lipozwe kwanza.

Nne, kibofu. Mkanda wa nyonga ukibana mpira wa mkojo, mkojo unarudi, presha inaruka, kichwa kinapasuka, uso unakuwa mwekundu. Mtu akianza kutokwa jasho usoni na kulalamika kichwa njiani, msimpe maji na kumwambia apumzike. Simameni, mfungueni chochote kinachobana, angalieni mpira. Presha isiposhuka ni hospitali, inaua.

Mwisho: muulize anataka kwenda wapi. Mara ya kwanza kutoka isiwe kliniki tena.

#9 Ngoja Waje

#8 umenifanya nisimame kutoka pale nilipokaa. Asante mkuu.

#10 Kaka Mkubwa

C2 Bado Nipo, nimemsomea mdogo wangu ujumbe wako. Alipiga ulimi mara tatu pale pale. Sijui niseme nini.

Fundi, nimechungulia fremu: alama za ndoano zipo zote nne, tulikuwa tunazipita kila siku. Sista, kichwa hakifungwi, nimeelewa.

Limebaki umeme. Betri ya ndani ya mashine ilikuwa ya saa 4 ikiwa mpya. Jamaa mmoja kanishauri nichomeke tu kwenye soketi ya sigara ya gari. Mwingine kasema inveta. Nani yuko sahihi?

#11 Bwana Wati

Wote wawili na hakuna hata mmoja. Soketi ya gari ni nyongeza, siyo tegemeo. Ukiwasha injini volti zinashuka ghafla, mashine nyingine zinapiga kengele au kuhamia betri ya ndani. Fyuzi ya soketi inaweza kukatika kimya kimya. Magari mengine soketi inakufa ukizima ufunguo, na wewe umesimama kwenye foleni ukidhani inachaji. Kama unaitumia, tumia waya wa mtengenezaji wa mashine, washa injini kwanza ndipo uchomeke, na uangalie kwenye kioo cha mashine kama kweli inapokea.

Inveta nayo inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani na kula sehemu yake, kama asilimia 10 hadi 15. Betri ya nje inayoingia moja kwa moja kwenye mashine ni bora.

Hesabu yake siyo ngumu. Tuseme betri ya volti 12, saa-ampea 50. Zidisha: wati-saa 600. Mashine inakula, tuseme, wati 60. Kwa karatasi ni saa 10. Lakini kama ni betri ya risasi na asidi usiitoe zaidi ya nusu, ukitaka idumu, basi ni saa 5. Pitisha kwenye inveta, zinabaki saa 4 na kitu. Ndivyo saa 10 za muuzaji zinavyokuwa 4 za barabarani. Kama lazima iwe ya risasi, chukua iliyofungwa isiyomwaga, ya asidi ya maji haifai kukaa na mtu ndani ya gari.

Kanuni yangu: betri za kutosha safari mara mbili, kwenda na kurudi ikiwa ndani ya hesabu. Safari ya saa 3 jumla, beba saa 6, bila kuhesabu soketi.

Na hizo saa 4 "ikiwa mpya" usiziamini. Jumamosi moja, yeye akiwa nyumbani na ninyi wawili mpo, chomoa ukutani, andika saa, subiri kengele ya betri. Utashangaa. Betri yangu ya saa 4 ilinipa saa 2 na dakika 10.

Usiache betri wala mashine kwenye gari lililofungwa juani. Betri za lithiamu zikipata joto sana zinakataa kuchaji hadi zipoe. Halafu zote zifungwe: betri ya kilo 12 kwa hesabu ya Fundi ni kilo 240.

#12 Mzee wa Mkato

Na kile kiti cha umeme si kina betri mbili kubwa? Avute humo humo.

#13 Bwana Wati

Swali zuri, mzee. Baadhi ya viti vina njia hiyo, imetengenezwa na mwenye kiti. Kama haipo usijiundie, na kama ipo kumbuka kwamba betri ikiisha amepoteza pumzi na miguu kwa wakati mmoja.

#14 Mama Pacha

Na kama anatumia oksijeni? Wa kwangu anatumia lita 2.

#15 Sista wa Zamu

Mama Pacha, chukua lita zilizomo mtungini ugawe kwa lita za dakika moja. Mtungi wenye lita 680 kwa lita 2 ni dakika 340, saa 5 na nusu hivi ukiwa umejaa kabisa. Toa robo ya akiba, panga safari kwa saa 4. Mashine nyingine za kupumulia zinakula oksijeni zaidi ya zile lita zinazoandikwa kwa mrija wa puani, kwa hiyo pima yako nyumbani kama Bwana Wati alivyopima betri.

Mtungi ufungwe kwenye kishikio chake, usibiringike, maana shingo yake ikivunjika unaruka kama kombora. Dirisha liachwe wazi kidogo, asivute mtu sigara, na vali ifungwe kama hautumiki.

#16 Kaka Mkubwa

Wakuu, narudi baada ya wiki sita. Samahani kwa ukimya.

Reli zimefungwa upya, bolti hadi chini, bamba lipo. Mashine sasa inakaa kwenye trei ya chuma nyuma ya kiti, chini, imefungwa kwa mikanda miwili, kioo chake kimegeukia siti ya mhudumu. Ambu inaning'inia upande wa kulia. Betri ya ndani tuliipima: saa 1 na dakika 50. Kwa hiyo tulikuwa tunatembea na nusu ya tulichodhani tunacho. Tumenunua mpya na mbili za nje.

Kabla ya kwenda popote tulikaa garini mbele ya nyumba, injini imezimwa, saa nzima, kila kitu kwenye betri. Majirani walidhani tumegombana na tunasuluhishana humo ndani. Mara mbili nilimwambia mke wangu "mrija umetoka!" bila kumwandaa. Mara ya kwanza alichukua sekunde 19 hadi kifua kupanda. Mara ya pili 7. (Mdogo wangu alikubali, tuliutoa mrija kweli, na Sista usinigombeze, muuguzi wake alikuwepo amekaa pembeni.)

Safari nilimwuliza yeye kama mlivyosema. Alitaka kwenda kutazama maji. Ziwa, si kitu kingine. Dakika 50 kwenda. Njiani nikawa naita: tuta, kona, tuta. Kwenye kona moja tukasikia *ta ta ta*. Nilisogea pembeni na moyo ukiwa mdomoni. Mke wangu ambu mkononi tayari. Kumbe mkanda wa begani ulikuwa umepanda juu ya hosi na kuibana kidogo, kengele ilikuwa bado haijaamua kulia. Akautoa, akashikiza hosi upande wa pili, tukaendelea. Alipiga kabla ya mashine, kama C2 alivyosema.

Tulikaa pale saa moja na nusu. Aliomba tumgeuze upande wa upepo.

Swali la mwisho kwa Fundi: leo nakagua, mkanda wa nyuma wa kulia umeanza kutoa nyuzi pembeni, karibu na ndoano. Sentimita 2 hivi. Nina jirani anashona viti vya magari, cherehani yake ni nzito. Nishone au?

#17 Fundi Chasisi

Usishone. Cherehani yake inatoboa nyuzi zilizobaki. Badilisha mkanda mzima, na angalia ndoano ina makali wapi, maana kuna kitu kinaukata. Kipige picha nione.

#18 Kaka Mkubwa

Nimepitisha kidole. Ni bamba la trei ya mashine, kona yake ya chini. Naleta tupa.